Kuhifadhi pikipiki kwa muda mrefu

Kuhifadhi pikipiki kwa muda mrefu ni kazi ya kuandaa na kutunza pikipiki ambayo haitaendeshwa kwa wiki kadhaa, miezi au zaidi, ili isiharibike na iweze kurudi kazini bila matengenezo makubwa. Kazi hiyo inahusu pikipiki za magurudumu mawili, za magurudumu matatu (bajaji na guta la injini) na zile za magurudumu manne zinazotengenezwa kwa ajili ya kupita kwenye mchanga, matope na njia zisizo na lami.

Watu wengi hudhani chombo kisichotumika hakichakai. Kwa kweli injini, betri, matairi na nyaya huendelea kubadilika hata chombo kikiwa kimesimama, na baadhi ya sehemu huharibika haraka zaidi kuliko zikitumika. Sababu hutofautiana kulingana na mahali. Katika nchi za baridi tishio la kwanza ni maji kuganda. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kama vile Mtwara na maeneo ya mdomo wa mto Ruvuma, tishio la kwanza ni hewa yenye joto, unyevu na chumvi. Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za theluji hayafai kufuatwa huko neno kwa neno.

## Historia na matumizi

Pikipiki za njia mbaya zenye matairi mapana yenye upepo mdogo zilianza kupata umaarufu baada ya kampuni ya Honda ya Japani kutoa aina ya US90 mwaka 1970. Ilikuwa na magurudumu matatu. Miaka ya 1980 kampuni ya Suzuki ilileta aina ya magurudumu manne, ambayo haipinduki kirahisi kama ile ya matatu. Tangu hapo aina ya magurudumu manne imeenea duniani kwa ajili ya kilimo, ufugaji, uokoaji, ulinzi wa hifadhi na michezo.

Nchini Tanzania pikipiki za magurudumu manne ni chache zikilinganishwa na bodaboda. Huonekana hasa katika shughuli za utalii, kwa mfano Zanzibar na Arusha. Pikipiki za magurudumu mawili ndizo zinazobeba abiria, mazao, samaki na maji katika miji na vijiji vingi, na kwa familia nyingi ndiyo mali ya thamani kubwa kuliko zote baada ya nyumba na shamba. Ndiyo maana hasara ya chombo kilichooza kikiwa kimeegeshwa ni kubwa: mwenye nacho hupoteza mtaji pamoja na kipato cha siku zote za matengenezo.

Sababu za kuegesha chombo kwa muda mrefu ni nyingi: mvua inayofunga njia, msimu wa watalii kuisha, ugonjwa au safari ya mmiliki, kusubiri spea, au kesi ya mirathi ambayo haijaamuliwa.

## Hali ya pwani ya Mtwara

Mkoa wa Mtwara uko kusini-mashariki mwa Tanzania, ukipakana na Msumbiji kwenye mto Ruvuma. Tofauti na pwani ya kaskazini yenye vuli na masika, Mtwara huwa na msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Upepo wa kaskazi huvuma katika miezi ya mvua, na kusi katika miezi ya kiangazi. Zote mbili hupita juu ya bahari, hivyo huleta pwani chembe ndogo za chumvi.

Chumvi ina tabia inayoeleza kutu nyingi ya pwani. Unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, chembe za chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka. Kiwango hicho hufikiwa mara nyingi usiku karibu na bahari, hata wakati wa kiangazi. Chombo kinachoonekana kikavu mchana huwa na tabaka jembamba la maji ya chumvi usiku, na kutu huendelea bila tone la mvua kuanguka.

Vyombo vinavyotembea kwenye fukwe, kama ile ya Msimbati, hubeba chumvi nyingi zaidi pamoja na mchanga unaoingia kwenye cheni, beringi na breki. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Jambo jingine la Mtwara ni salfa. Wakulima wa korosho hupulizia unga wa salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga wakati mikorosho inapochanua. Mifuko inayobaki mara nyingi huwekwa katika ghala au chumba kilekile cha pikipiki. Salfa hushambulia shaba na fedha, yaani metali zinazotumika kwenye nyaya na swichi, na pia huwaka moto kirahisi. Mbolea za chumvichumvi nazo hunyonya unyevu na kuharakisha kutu. Kwa sababu hizo pikipiki, salfa na mbolea hazipaswi kukaa chumba kimoja.

## Mambo yanayoharibu chombo kilichosimama

### Petroli

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vile vyepesi, ambavyo husaidia injini kuwaka, huvukia kwanza. Vinavyobaki huungana na oksijeni ya hewa na kufanya utando unaonata kama utomvu. Katika chombo kilichofungwa vizuri petroli hudumu miezi kadhaa, lakini kiasi kidogo kilicho ndani ya kabureta kinaweza kuharibika katika wiki chache, hasa penye joto. Tundu za kabureta ni nyembamba sana, na utando kidogo hutosha kuziziba. Hii ni miongoni mwa sababu za kawaida za pikipiki kugoma kuwaka baada ya kukaa.

Tangi la chuma lililojaa nusu lina hatari ya pili. Nafasi iliyo wazi hujaa hewa yenye unyevu, maji hutona kwenye kuta usiku, kisha hushuka chini ya petroli kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta hayo. Kutu huanza sakafuni mwa tangi, mahali pasipoonekana.

### Betri

Betri ya risasi na asidi hupoteza umeme yenyewe hata ikiwa haikuunganishwa na kitu. Joto huongeza kasi hiyo: kwa makadirio ya kawaida, kila ongezeko la nyuzi 10 za sentigredi huifanya iwe karibu maradufu. Betri ikikaa bila chaji, fuwele ngumu za salfeti ya risasi hujengeka kwenye bamba zake, na baada ya muda haipokei chaji tena. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 hadi 12.8 ikiwa imetulia. Ikishuka hadi 12.4 inahitaji kuchajiwa, na ikifika 12.0 imekaribia kuisha kabisa.

### Mafuta ya injini

Mafuta yaliyotumika huwa na masizi, maji na asidi zinazotokana na mwako. Yakiachwa ndani ya injini kwa miezi, asidi hizo hula beringi na sehemu nyingine laini.

### Matairi, mpira na breki

Tairi lililobeba uzito mahali pamoja kwa muda mrefu hubonyea. Jua na ozoni hupasua mpira. Mafuta ya breki za maji hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huleta kutu ndani ya silinda ya breki. Breki ya kuegeshea ikiachwa imekazwa, viatu vyake vinaweza kugandana na ngoma.

### Wanyama na wadudu

Panya hutafuna nyaya na kujenga viota ndani ya boksi la chujio la hewa, hasa ghala likiwa na nafaka au korosho. Nyigu wa udongo huziba ekzosi na mirija ya kupumulia ya tangi na kabureta. Mchwa hawali chuma, lakini hula mbao ambazo chombo kimewekwa juu yake.

## Mahali pa kuhifadhia

Mahali pazuri pana paa lisilovuja, kivuli, hewa inayopita na sakafu kavu. Sakafu ya udongo hutoa unyevu, kwa hiyo chombo huinuliwa juu ya matofali au mawe bapa. Upande wa nyumba usioelekea bahari hupata chumvi kidogo zaidi.

Chumba cha kulala na jiko havifai. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya sakafuni, ambapo unaweza kuwashwa na moto wa kuni, mkaa au kibatari kilicho mbali na tangi lenyewe.

Turubai la nailoni linalobana chombo chote huonekana kuwa kinga, lakini hufungia unyevu ndani, na chombo hutokwa jasho. Kitambaa cha pamba au shuka kuukuu hufaa zaidi ndani ya chumba. Ikiwa hakuna paa, turubai hutandazwa juu ya fremu ya miti ili lisiguse chombo na upepo upite chini yake.

Mafuriko nayo ni ya kuzingatiwa. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, baada ya mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania kutoa tahadhari kwa mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma. Vimbunga ni nadra katika pwani hii, lakini mabonde na kando za mito hujaa maji kwa mvua za kawaida pia. Chombo cha kuhifadhi hupelekwa sehemu ya juu kabla ya mvua kuanza.

## Hatua za maandalizi

Mpangilio ufuatao hutumika kwa pikipiki nyingi. Kitabu cha mtengenezaji, pale kinapopatikana, ndicho kinachotangulia.

1. Kuosha. Chombo chote huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, hasa chini ya madigadi, kwenye fremu, rimu na springi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, hivyo maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa ni bora zaidi. Maji yenye nguvu hayaelekezwi kwenye beringi, swichi wala mdomo wa ekzosi.

2. Kukausha. Chombo huendeshwa kidogo au huachwa juani kwa saa chache hadi maji yaishe kwenye maungio na breki. Kufunika chombo kibichi ni kosa kubwa kuliko kutokukiosha.

3. Kubadili mafuta ya injini. Injini hupashwa moto kwanza ili uchafu utoke pamoja na mafuta ya zamani. Baada ya kuweka mapya, injini huwashwa dakika chache ili yaenee.

4. Petroli. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujaza tangi karibu na mdomo, ikiwezekana pamoja na dawa ya kuhifadhi petroli, kisha kuendesha dakika 10 ili dawa ifike kwenye kabureta. Ya pili, inayofaa zaidi kwa hifadhi ya zaidi ya miezi sita, ni kutoa petroli yote na kuitumia kwenye chombo kingine. Tangi la chuma lililotolewa mafuta hupakwa mafuta ya injini kidogo ndani. Kwa njia zote mbili koki hufungwa na kabureta humwagwa kwa skrubu yake ya chini. Injini zenye mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme hazina kabureta ya kumwagwa. Kwa hizo njia ya kujaza tangi na kutia dawa ndiyo ya kawaida.

5. Silinda. Plagi hufunguliwa, kisha mafuta safi ya injini kiasi cha kijiko kimoja cha chai hutiwa kwenye tundu lake. Injini huzungushwa taratibu kwa kiki mara kadhaa, swichi ikiwa imezimwa, ili mafuta yaenee ukutani mwa silinda. Kisha plagi hurudishwa.

6. Betri. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza, halafu wa chanya. Betri husafishwa, huchajiwa na kuwekwa mahali pakavu pasipo na joto kali, mbali na watoto. Imani kwamba sakafu ya saruji hunyonya umeme wa betri ilitokana na betri za zamani zenye makasha ya mbao au mpira. Kwa makasha ya plastiki ya leo haina ukweli.

7. Cheni, nyaya na metali. Cheni husafishwa na kupakwa mafuta yake. Kebo za klachi na mafuta hudondoshewa mafuta mepesi, na nipeli hujazwa grisi. Vyuma visivyo na rangi hupakwa tabaka jembamba la grisi au mafuta ya kuzuia kutu. Diski na viatu vya breki havipakwi chochote.

8. Matairi. Upepo hujazwa hadi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Tairi la pikipiki ya magurudumu manne hutumia upepo mdogo sana, mara nyingi chini ya psi 7, kwa hiyo kulijaza kama la bodaboda kunaweza kulipasua. Chombo huinuliwa kwa stendi au matofali ili matairi yasibebe uzito. Breki ya kuegeshea huachwa wazi, na magurudumu yanayogusa ardhi huzuiwa kwa mawe.

9. Kuziba matundu. Mdomo wa ekzosi uliopoa na njia ya hewa huzibwa kwa kitambaa cha rangi kali kinachoning'inia nje, ili asiyejua aone kabla ya kuwasha.

Baadhi ya mafundi hupaka oili chafu kwenye fremu ili kuzuia kutu. Oili hiyo ina asidi na masizi, hulainisha mpira, hushika mchanga na kuchafua ardhi. Mafuta safi kidogo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

## Utunzaji wakati wa hifadhi

Chombo kilichohifadhiwa vizuri huhitaji kukaguliwa mara moja kwa mwezi. Betri hupimwa na kuchajiwa kwa mkondo mdogo, takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake: betri ya saa-ampea 9 huchajiwa kwa ampea 0.9 hivi. Chaja kubwa ya gari inaweza kuichemsha. Mahali pasipo na umeme wa gridi, paneli ndogo ya sola hutumika, mradi kuna kidhibiti chaji kati ya paneli na betri. Betri inayofunguliwa huongezewa maji safi ya betri yasiyo na asidi pale yanapopungua. Kwa kuwa betri inapochajiwa hutoa hidrojeni inayolipuka, kazi hiyo hufanyika penye hewa na mbali na moto.

Magurudumu huzungushwa kidogo kwa mkono, na dalili za panya hutafutwa.

Desturi ya kuwasha injini dakika mbili tatu kila wiki ili "isilale" imeenea sana, lakini huleta madhara. Mwako wa petroli hutoa mvuke wa maji. Injini isipopata moto wa kutosha, maji hayo hubaki ndani ya ekzosi na kwenye mafuta, na betri hutoa umeme mwingi kuliko inaorudishiwa. Chombo ama huendeshwa kwa nusu saa hivi hadi kipate moto kamili, ama huachwa bila kuwashwa kabisa.

## Kurudisha chombo kazini

Kabla ya kuwasha, vitambaa vyote huondolewa na boksi la chujio la hewa hufunguliwa. Mafuta ya injini hukaguliwa: yakiwa meupe kama maziwa, au yakiwa yamepanda juu ya alama, maji au petroli vimeingia na lazima yabadilishwe. Petroli yenye harufu kali ya kuchacha au rangi iliyokolea humwagwa kwenye chombo salama. Waya wa chanya wa betri huunganishwa kwanza, wa hasi mwisho.

Breki hujaribiwa chombo kikiwa kimesimama, na mafuta ya breki yaliyozidi miaka miwili hubadilishwa. Mshiko wa mafuta lazima urudi wenyewe unapoachiwa. Kebo iliyonata kwa kutu imeshasababisha ajali nyingi. Matairi hutazamwa kama yana nyufa pembeni.

Injini huwashwa nje ya chumba, kwa kuwa moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Safari ya kwanza huwa fupi na ya mwendo mdogo, bila abiria wala mzigo, dereva akiwa amevaa helmeti. Kabla ya kuingia barabarani ni lazima pia kuhakikisha kwamba bima haijaisha chombo kikiwa ndani, na kwa bodaboda leseni ya usafirishaji inayotolewa chini ya LATRA.

Chombo kilichozama katika mafuriko hakiwashwi kabisa kabla ya kumwaga mafuta, petroli na maji yaliyo ndani ya silinda, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa na yanaweza kupinda mkono wa pistoni. Maji ya bahari huongeza haraka: chombo huoshwa kwa maji baridi na kufunguliwa na fundi siku hiyohiyo.

## Tofauti na nchi za baridi

Kanada, Marekani kaskazini na nchi za Skandinavia huhifadhi pikipiki nyingi kuanzia vuli ya huko hadi theluji inapoyeyuka. Huko hukaguliwa kwanza kama maji ya rejeta yana dawa ya kutosha ya kuzuia kuganda, na betri huondolewa kwenye baridi kali. Katika pwani ya Tanzania maji hayagandi, lakini rejeta bado inahitaji dawa hiyo, kwa sababu pia huzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Maji matupu ya kisima, hasa yenye chumvi, huila kutoka ndani.

Baridi pia huchelewesha kuoza kwa petroli na kuisha kwa betri. Kwa hiyo chombo kinachoweza kukaa miezi sita bila kuguswa huko, kwenye pwani ya joto huhitaji kukaguliwa mapema na mara nyingi zaidi.

## Tazama pia

- Pikipiki
- Bodaboda
- Betri
- Kutu
- Petroli
- Mkoa wa Mtwara
- Ruvuma (mto)